Sindano za Ngaire Tulloch

Ngaire Tulloch hakuwa mtu wa kukaa. Huku kwetu Maniototo, kusini kabisa mwa dunia, baridi humfanya hata ng'ombe atafute ukuta wa kuegemea, na watu wengi hujifunza kutulia kwa nguvu. Yeye hakujifunza. Chai aliinywa akiwa wima, mgongo kaupa jiko. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na mchungaji akifika katikati ya mahubiri, mama huyo keshatoka kwenda kuwaangalia mbwa wake kwenye pikapu. Hata siku tuliyomzika mumewe, Alec, tulimwona akizunguka makaburini akikaza waya wa uzio uliolegea, nasi waombolezaji tukabaki kutazamana. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda sana, ila huzuni ilipomshika ilimshika miguuni.

Alizaliwa kwenye shamba la kondoo chini ya milima ya Hawkdun, akapandishwa farasi kabla ya kujua kusoma, na hata ubinti haujamkolea alikuwa akienda na wanaume kushusha kondoo kutoka malisho ya juu kila vuli. Akaolewa, akamzaa Isla, akafiwa na mume, akauza shamba, akanunua nyumba ndogo pale Ranfurly yenye bustani isiyozidi kitambaa cha meza. Mwingine angestaafu. Ngaire akageuka kibarua wa kila zizi: kuswaga, kuchanja, kukata mikia ya wanakondoo. Na miaka yake sitini na saba bado aliwatoa vijana jasho, kisha akawacheka.

Aliyeigharimia miguu hiyo ni Isla. Siku Isla anapewa zawadi shuleni, mama yake alifika viti vinakunjwa. Siku Isla anatoka hospitali baada ya kukatwa kidole tumbo, alichukuliwa na jirani. Kila mara ilikuwa kondoo: wamevuka mto, wamenaswa na theluji, wanazaa. Isla alipokua alikwenda Nepali kutembea milimani, kama vijana wetu wengi wanavyokwenda, ila yeye hakurudi. Alimpenda Tashi, mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha juu kabisa, mahali pasipofika gari. Arusi ilifanyika Kathmandu mwezi wa Septemba. Mama mtu hakwenda, maana Septemba huku kondoo wanazaa. Isla hakugomba. Alipunguza simu tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikawa za Krismasi na siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo alipopiga mwezi wa Julai, siku isiyo na jina, Ngaire aliiacha chai yake ikapoa.

"Mama, nasema mara moja tu," Isla alimwambia. "Njoo Oktoba, hali ya hewa ni nzuri. Lhamu ana miaka minne, anakujua kwenye simu tu. Lakini uje umechanjwa kila kitu, na cha kwanza kichaa cha mbwa. Huku mbwa wanalala mlangoni na hawana mwenyewe, na wewe mbwa hakupiti hivi hivi bila kumshika masikio."

Ngaire akacheka. Ameumwa na mbwa wengi kuliko watu wa wilaya nzima, akasema, na dawa yake ni sabuni na tusi. Huo ndio ujinga wetu, na tusifichane: nchi yetu haina kichaa cha mbwa, na mtu akilelewa mahali pasipo nyoka hukanyaga nyasi ovyo popote aendako.

"Mwaka jana tulimzika mpagazi wa Tashi," Isla akasema polepole. "Mbwa alimng'ata mguuni, akanyamaza, akaona aibu kusumbua watu. Nilikuwepo anakufa, mama. Sitaki kuona tena." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile: "Na usipofika safari hii, basi. Sitakuita tena."

Neno hilo lilimwingia Ngaire na kukaa. Alipokata simu alitoka nje, akapanga upya kuni zilizokuwa zimepangwa vizuri.

Muuguzi wa zahanati yetu wakati ule alikuwa Lavinia Taufa, mama wa Kitonga aliyeolewa na mkata manyoya wa huku, mwanamke mpana, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Ngaire alimpenda kwa sababu hakumwogopa. Lavinia alimketisha, akamweleza: homa ya matumbo sindano moja, homa ya ini moja, mafua makali moja, kichaa cha mbwa tatu, na hizo hazipigwi siku moja, zinataka kupishana mwezi mzima. Na pepopunda.

"Pepopunda achana nayo," Ngaire akasema. "Ninayo."

"Ulichomwa lini, shangazi?"

"Kila mwaka. Najichoma mwenyewe."

Hapo Lavinia akaweka bomba mezani. Ngaire akamfafanulia bila aibu hata chembe kwamba chanjo ya kondoo, ile tunayoiita tano-kwa-moja, ina pepopunda ndani yake, na kwamba mtu akichanja kondoo elfu mbili kwa siku, mmoja akiruka, sindano itamwingia mchanjaji. Imemwingia kidoleni, pajani, mara moja hata tumboni. Hajawahi kupata pepopunda. Ushahidi gani tena unatakiwa?

"Na manyoya yameshaota?" Lavinia akauliza.

"Kidogo, mgongoni. Yasikutishe."

Lavinia akacheka hadi akafuta macho, halafu akamchoma ya pepopunda vile vile. Akamwambia ya kondoo ni ya kondoo, imepimwa kwa kondoo, na siku moja itamtenda. Ngaire akaitikia kama mtu anavyoitikia redio.

Taabu ilianza sindano za siku hiyo zilipokwisha. Sheria ya zahanati ni kwamba aliyechanjwa akae dakika ishirini kwenye kiti, aangaliwe asije akazimia. Ngaire aliweza tano. Lavinia aligeuka kumshika mtoto wa mtu, kugeuka tena kiti kitupu, na pikapu ile inakunja kona na mbwa wawili, Moss na Tip, wamesimama nyuma kama mabaharia. Alimpigia simu, akamrudisha. Ngaire alirudi amenuna, akakaa, akapiga magoti yake kwa viganja kama ngoma.

"Sasa hiyo ya ugonjwa wa kimo, wa huko juu milimani, utanichoma lini?" akauliza, ili muda upite.

"Kimo hakina sindano," Lavinia akamjibu. "Kuna vidonge vya kusaidia, ila dawa yake kubwa ni kupanda taratibu na kupumzika. Siku unajisikia mzima kabisa, unakaa. Wanaokufa kule wengi wao ni wenye nguvu, shangazi, wasiotaka kukaa."

Ngaire aliitazama saa ya ukutani kana kwamba imemtukana.

Sindano ya pili ya mbwa ilipita salama. Ikabaki ya tatu, mwishoni mwa Agosti, na kati yake na hiyo ya pili zilikuwepo siku zilizomtesa. Begi lilikuwa limefungwa, likafunguliwa, likafungwa. Alikwea kilima cha nyuma ya mji kila asubuhi na gunia la mawe mgongoni, akashuka, akakuta bado ni asubuhi. Alijifunza kumwita mjukuu wake kwa jina mbele ya kioo. Alioka mikate ya jibini ya kuviringisha akaigawa mtaa mzima. Alituudhi, kusema kweli. Mtu akikusogelea dukani huku anahamisha uzito mguu huu na mguu huu, na wewe unaanza kuwashwa.

Ndipo akasikia kwamba kibarua wa Rory Petrie ameumia mgongo, na kondoo wa Rory hawajachanjwa dhidi ya kuoza kwato. Rory hakumwita. Ngaire alijipeleka mwenyewe, alfajiri, na mbwa wake na chupa ya chai. Alisema ni kwa siku moja tu, mikono isije ikasahau kazi.

Alikuwa amefika kwenye kundi la mwisho. Bomba la chanjo, lile la kukamata kama bastola, lilikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto unavuta ngozi ya shingo. Kondoo jike akarusha kichwa. Sindano ikapenya ngozi, ikatokea upande wa pili, ikamwingia kwenye kidole cha shahada, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa tayari kimebana. Dozi nzima ikaingia.

Rory aliona. Alikuja na boksi la dawa mkononi, akamwonyesha maandishi mekundu: ukijichoma, nenda hospitali mara moja. Ngaire akasema amejichoma tangu Rory hajazaliwa. Alikifunga kidole kwa utepe wa kufungia nyaya za umeme, akamaliza kundi.

Kosa lenyewe ndilo hilo, na ni kosa la mfugaji, si la mjinga. Tano-kwa-moja ni ya maji. Unajichoma, panavimba kidogo, unasahau. Hii ya kwato ni ya mafuta. Mafuta hayaondoki, yanabaki ndani ya nyama yakiila polepole na kuziba damu. Ngaire alijua kwa miaka hamsini kwamba chanjo ya kondoo haimdhuru mtu, akaibeba elimu hiyo kutoka chupa moja hadi nyingine bila kutazama kilichomo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya sindano yake ya tatu. Alifika zahanati mapema na mkono wa kushoto mfukoni. Lavinia alimwambia avue koti. Akasema anasikia baridi. Lavinia akamtazama usoni, akaona jasho, akautoa mkono ule mfukoni mwenyewe. Kidole kilikuwa kigumu, chenye rangi ya plamu, na ncha yake imeanza kuwa nyeupe.

"Lini?" Lavinia akauliza.

"Jana."

"Ya kwato?"

Ngaire akatikisa kichwa kukubali. Lavinia hakumgombeza. Alishika simu akapiga Dunedin kwa madaktari wa upasuaji, kisha akampigia Rory alete gari. Alipogeuka alimkuta Ngaire keshakunja mkono wa shati la kulia.

"Kwanza nichome ya mbwa."

"Shangazi, kidole kinakufa hicho."

"Sitoki hapa bila ya tatu. Isla kasema zote."

Lavinia akawauliza wale wa Dunedin, wakasema haina ubaya, akamchoma. Dakika zake ishirini alizikaa ndani ya gari la Rory, njia ya Dunedin, huku Lavinia kakaa nyuma anamwangalia kwenye kioo.

Walimpasua siku hiyo hiyo, wakasafisha walichoweza. Kesho yake daktari wa upasuaji alikuja, mwanamke mrefu mwenye madoa ya jua puani, mtoto wa wafugaji mwenyewe kwa namna alivyokaa kitandani kwa mgonjwa bila kuuliza. Alimweleza ukweli. Kidole kinaweza kuokolewa, huenda chote. Lakini itabidi kibaki wazi, kisafishwe tena na tena, pengine kibandikwe ngozi, na mpaka kipone itakuwa baada ya mwaka mpya. Hawezi kumruhusu apande mlima, siku kadhaa mbali na hospitali, akiwa na kidonda kama kile.

"Na kikikatwa?" Ngaire akauliza.

Daktari alisita. Akikata hapo chini, penye nyama nzima, na ngozi ikafunga vizuri, Oktoba angekuwa amepona kiasi cha kusafiri. Lakini hakushauri hivyo. Tiketi hubadilishwa, alisema. Mpigie mwanao, mweleze, akusogezee tarehe.

Simu ilikuwa kwenye droo karibu na mkono wake mzima. Ngaire aliitazama ile droo. Mwanamke huyu alikuwa amekamata madume ya kondoo kwa pembe, amevuka mto Taieri ukiwa umefurika, lakini pale kitandani aliogopa, akaogopa hasa, kama mtoto anavyoogopa. Angeanzaje? Kwa njia yoyote ambayo angeianza habari ile, kabla haijaisha ingebidi aseme kondoo. Isla alikwisha kulisikia neno hilo kila siku iliyokuwa na maana maishani mwake. Akilisikia mara hii, kwisha habari.

"Kikate," akasema.

"Mama, fikiri kwanza. Kidole hicho."

"Kina wenzake. Mikia nimekata mingi, mwanangu, na hakuna mwanakondoo aliyepewa muda wa kufikiri."

Daktari alimwachia mpaka jioni abadili mawazo. Hakubadili. Kesho yake kidole kilikatwa, kikabaki kipande cha mwanzo tu.

Rory na Lavinia aliwaapisha wasiseme. Rory aliapa haraka, maana alijiona ana hatia na hakujua pa kutazama. Lavinia alikataa kuapa; alisema atanyamaza lakini hataapa.

"Mwambie mwanao, shangazi. Huyo si hakimu."

"Nikifika nitamwambia."

"Na kama angetaka kujua kabla?"

Ngaire akasema atamwambia akifika, akaomba aletewe viatu vyake.

Wiki zilizofuata alizungumza na Isla kwa simu ya picha akiishika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto haukuonekana. Isla aliuliza kuhusu sindano. Zote, mama mtu akamwambia, na kama ingekuwepo ya mafuriko angechomwa na hiyo juu. Isla akacheka, na kicheko hicho Ngaire alikuwa hajakisikia tangu msichana yule yuko shule. Alitembea nacho barabarani siku nzima.

Oktoba akapanda ndege. Tashi alikuja kumpokea kwenye uwanja mdogo wa milimani, kijana mtaratibu mwenye kofia ya sufu, akalichukua begi, akautazama mkono wenye glavu na hakuuliza kitu. Njia ilipanda, ikashuka kwenye madaraja ya kamba, ikapanda tena. Ngaire alitaka kukimbia. Tashi alitangulia makusudi, akatembea kama mtu anayesindikiza jeneza, na kila Ngaire alipojaribu kumpita, njia ilikuwa nyembamba. "Taratibu, mama, mlima upo tu," alimwambia. Siku za mapumziko ndizo zilizomuua. Alikaa kwenye benchi la nyumba ya wageni ya watu, kichwa kinagonga, kidole kisichokuwepo kinamwuma, na kijiji cha Isla kiko juu ya bega la mlima ule, karibu kiasi cha kuona moshi. Mbwa mmoja wa rangi ya majivu akaja akalala miguuni pake. Hakumshika masikio. Alimtazama tu, akamwambia kwa lugha yetu kwamba mambo yamebadilika.

Walifika mchana. Isla alikuwa uani akianika mablanketi. Alikuwa amekonda, amekomaa uso, na kwa namna alivyosimama Ngaire alimwona Alec mtupu. Msichana mdogo mwenye mashavu mekundu alikimbilia nyuma ya sketi ya mama yake. Isla hakuja mbio. Alimtazama mama yake kutoka buti mpaka kofia, kana kwamba anathibitisha kuwa ni mzima na kwamba ni yeye.

"Umefika," akasema.

"Nimefika siku uliyosema."

Wakakumbatiana vibaya, kama watu waliosahau mikono inakwenda wapi. Ndani kulikuwa na chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Lhamu alisogea hatua kwa hatua hadi akafika kwenye goti la bibi yake, akaanza kuichezea glavu, akaivuta ncha za vidole kimoja kimoja. Ncha moja ilikuwa tupu. Akaikunja, ikakunjika. Akamtazama mama yake.

Isla aliweka birika chini. Alikuja akapiga magoti, akaivua glavu ile mwenyewe.

Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Kondoo," Isla akasema. Hakuuliza.

"Kondoo," Ngaire akajibu. "Nilimsaidia Rory siku moja. Chanjo ya kwato. Wakasema wanaweza kukiokoa, ila ningekaa mpaka baada ya mwaka mpya. Nikawaambia wakikate, niwahi." Alijaribu kutabasamu. "Ulisema nisipofika safari hii, basi. Mara hii nikasema hapana, kondoo watangoja, Isla hangoji."

Isla aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, na uso wake ukaanza kukunjamana polepole, akashindwa kuuzuia.

"Mama," akasema. "Ningekungoja."

Ngaire akamtazama bila kuelewa.

"Ungenipigia tu. Ungeniambia umeumia. Ningekungoja mpaka mwaka mpya, ningekungoja mwaka mzima. Ningeshuka mwenyewe nije kukufunga hicho kidonda."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema kwa sababu nilikuwa na hasira. Nimekuwa nikikungoja tangu niko shule, mama. Sijui kufanya kitu kingine."

Ngaire alitaka kuinuka. Kulikuwa na kuni nje hazijapangwa, alikuwa ameziona wakati anaingia. Lakini Isla hakuuachia mkono, na mtoto alikuwa ameshampanda mapajani, akaliweka shavu lake juu ya kile kipande cha kidole kuona kama kina joto. Mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona akilia, hata juu ya kaburi la Alec, akalia hapo mbele ya viazi, kwa sauti, kwa ajili ya kidole, na kwa ajili ya miaka yote ambayo kulikuwa na mtu anayemngoja naye hakuuliza.